Mguu wa baba baada ya upasuaji: jinsi ya kumuuguza nyumbani

Daktari alituchorea kwenye kipande cha karatasi. Mshipa mkubwa wa paja umeziba sehemu nyingi, kuzibua hapa na pale hakutasaidia. Atachukua vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya mguu wa baba mwenyewe, aigeuze juu chini ili vali zake, vile vilango vya ndani vinavyopitisha damu upande mmoja tu, zisizuie damu, aishone kuanzia kinenani hadi chini ya goti. "Tunajenga barabara ya mchepuko," alisema. Baba akacheka: "Dokta, polepole na hilo neno, mama yao yupo hapa."

Kabla hamjatoka wodini, mwombe nesi akuoneshe mapigo ya mguuni yalipo. Wetu aliyatafuta kwa vidole viwili kwenye mgongo wa mguu, kati ya kidole gumba na kinachofuata, akaweka X kwa kalamu. Usitumie kidole gumba chako, utahesabu mapigo yako mwenyewe. Mimi nilifanya hivyo siku 2 nzima. X ikifutika bafuni, ichore tena.

Kila asubuhi kabla ya chai, gusa miguu yote miwili, linganisha joto, tazama rangi, tafuta mapigo. Mguu ukipoa ghafla, ukapauka, ukauma sana au kufa ganzi, usingoje siku ya kliniki. Nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane; huenda mshipa mpya umeziba.

Kuvimba kusikutishe, kunaweza kuchukua wiki kadhaa hata miezi. Akikaa, mwinulie mguu juu ya stuli, na asikunje nne. Atembee kila siku. Baba alianzia mlangoni hadi kwenye mwembe.

Kidonda cha kinenani hupenda jasho. Kiwe kikavu, na kikitoa usaha, mrudishe.

Shangazi alikuja na beseni la maji ya moto amkande. Nilimzuia, maana mwenye kisukari kama baba huweza kuungua mguu asijue. Alinuna mpaka jioni.

Aspirini na dawa ya kolesteroli anameza hata akijiona mzima. Sigara ndiyo ilikuwa vita. Wiki ya 6 nilimkuta nyuma ya banda la kuku na kipisi mkononi. Sikugomba. Nilimvua kiatu, nikaweka vidole vyake mwenyewe juu ya ile X. Akatulia kidogo, akakizima mchangani. Kiberiti chake ninacho mimi.