Somo: Kutembea na kuvuka barabara kuu, Mtwara hadi Mingoyo

Korosho zikianza kuuzwa, kuanzia Oktoba hivi, malori ya bandarini yanaongezeka, na barabara ni hiyohiyo ya wanafunzi, bodaboda na akina mama wenye ndoo kichwani. Kwa hiyo dereva naye asome, asidhani haya ni ya watembea kwa miguu peke yao.

1. Tembea kulia. Magari yetu yanapita kushoto, hivyo ukishika kulia unatazamana na linalokujia. Ukishika kushoto linakujia mgongoni.

2. Ukitaka kuvuka, simama ukingoni, tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Halafu mwangalie dereva. Wewe kuliona lori hakumaanishi kwamba yeye amekuona. Kama hapunguzi mwendo, acha apite, hata kama uko kwenye kivuko cha pundamilia na haki ni yako. Ukishaanza kuvuka usirudi nyuma ghafla, maana dereva huenda keshalenga kupita nyuma yako.

3. Ukishuka kwenye daladala, usivuke mbele yake. Hapa ndipo ninapogombana na watu. Anayelipita daladala haoni kilicho mbele yake, na mtoto wa darasa la kwanza hata kwenye kioo cha mbele hafiki. Anachomoka mbio, na breki hazina muda. Ngoja gari liondoke, barabara ionekane pande zote. Makonda, neno "subiri kwanza tuondoke" halipunguzi hesabu ya bosi.

4. Dereva, kibao cha 50 pale kijijini kina hesabu yake. Kwa mwendo huo, lami ikiwa kavu, unahitaji mita 25 hivi hadi kusimama. Kwa mwendo wa 80 zinapita mita 50, wakati taa za chini usiku zinamulika kama mita 40. Yaani unamwona mtu ukiwa umeshachelewa. Na gari likisimama kwenye pundamilia, usilipite, halijasimama bure.

Maswali ya wanachama

*Natoka sokoni Mikindani usiku, navaa baibui jeusi. Tochi ya simu inatosha?*
Inasaidia, dada, ila imulike chini, usiwamulike madereva usoni. Ongeza kitu cheupe, na kiwe chini: mfuko mweupe mkononi unaonekana kabla ya mtandio, kwa sababu taa za chini zinaanza kukumulika miguuni.

*Mkuu, mimi ni bodaboda. Nikisimama pundamilia, wa nyuma si atanigonga?*
Usikamate breki kwa mara moja. Ukiona kibao, anza kupunguza, gusagusa breki taa ya nyuma iwake, mwenzako ajiandae. Hakikisha inawaka lakini. Nyingi mjini hapa zimekufa.

*Nikimsimamia mtu, nimpungie mkono avuke?*
Hapana. Wewe umesimama, anayekuja upande wa pili hajasimama, na ukimpungia atakuamini wewe badala ya macho yake. Simama tu, subiri, atazame mwenyewe. Na honi usipige, utamfanya akimbie.