Somo: Safari ya usiku ya kuiona aurora Tromsø, na namna ya kuipiga picha

Mara ya kwanza nilipotoka na kundi usiku kwenda kuitafuta aurora, ile mianga ya rangi inayocheza angani kaskazini ya dunia, anga lilifunguka kwa dakika kama ishirini. Nilipiga picha zaidi ya mia. Kesho yake nilipozifungua kwenye kompyuta, hakukuwa na hata moja ambayo nyota zake zilikuwa nukta. Zote zilikuwa viduara vya ukungu, kwa sababu lenzi haikufokasi. Nilikaa mbele ya ile kompyuta nikalia. Sitaki mwenzangu afunge safari kutoka Dar, Nairobi au Muscat, kwa nauli ile na usumbufu ule wa viza, halafu arudi na kitu kama kile. Ndiyo maana somo hili nimeliandika kwa kirefu.

Nazungumzia Tromsø, kaskazini ya Norwei, kwa sababu ndiko ninakokujua. Mji huu uko kilomita 350 hivi kaskazini ya Duara ya Aktiki, chini kabisa ya ule mkanda unaoizunguka ncha ya sumaku ya dunia, ambako aurora hutokea karibu kila usiku.

Hatua ya 1: Ijue kabla hujaifuata

Jua hutoa mkondo wa chembe zenye umeme bila kukoma. Upepo huo wa jua hutumia siku mbili hadi nne kufika hapa, umbali wa kilomita milioni 150. Uga wa sumaku wa dunia unautenga, lakini nishati yake hujilimbikiza upande wa usiku, kisha elektroni hufyatuliwa kushuka kuelekea kwenye ncha. Zikigonga oksijeni kwenye kimo cha kilomita 100 na zaidi kidogo, hutoka kijani. Juu zaidi, kupita kilomita 200, oksijeni hiyo hiyo hutoa wekundu. Ule ukingo wa waridi au zambarau unaokimbia chini ya pazia ni naitrojeni. Mnorwei Kristian Birkeland ndiye aliyeionyesha siri hii mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa na tufe la sumaku ndani ya chombo kisicho na hewa.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: usiku jicho la binadamu huziona rangi kwa shida. Aurora dhaifu utaiona kama utepe wa moshi mweupe juu ya milima, na unaweza kudhani ni wingu. Elekeza simu, piga sekunde tatu, ukiona kijani basi ndiyo yenyewe. Ikipata nguvu hutahitaji simu ikuambie. Kijani utakiona kwa macho yako, na kinacheza.

Hatua ya 2: Chagua majira, na usiweke usiku mmoja tu

Kuanzia katikati ya Septemba hadi mwisho wa Machi. Kati ya tarehe 20 Mei na 22 Julai hivi jua halizami kabisa Tromsø, kwa hiyo usije. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi. Giza ni refu, lakini mchana nao ni mfupi wa kufanya mengine. Mimi napenda Machi. Theluji bado ipo, mchana kuna mwanga, na karibu na siku za usawa wa usiku na mchana sumaku ya dunia huwa rahisi kutikiswa.

Weka angalau usiku nne. Anayekuja kwa usiku mmoja anacheza bahati nasibu.

Hatua ya 3: Mwongozaji unamlipa akutafutie anga jeupe

Hapa naomba usome taratibu, maana ndipo pesa inapopotea. Aurora yenyewe ipo karibu kila usiku. Adui ni mawingu. Tromsø iko pwani, unyevu wa bahari unapanda milima na kuwa wingu. Ukivuka milima kwenda ndani, hewa inakuwa kavu. Ndiyo maana waongozaji wazuri huendesha gari kuelekea Skibotn, na ikibidi wanavuka mpaka hadi Kilpisjärvi, Ufini, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwenda tu. Usiku mwingine upepo ukigeuka, panapofunguka ni magharibi, kisiwa cha Kvaløya.

Niliwahi kulipia safari ya bei rahisi ya kampuni moja. Tulipelekwa kambini kwao, tukakaa saa nne chini ya wingu, tukanywa chokoleti ya moto, tukarudishwa. Usiku huo huo jirani yangu alikuwa Skibotn anapiga picha. Nilikasirika, lakini kosa langu lilikuwa sikuuliza. Kabla ya kulipa, uliza haya: Mnakaa sehemu moja au mnafuata anga? Mko tayari kwenda mbali kiasi gani? Mnarudi saa ngapi? Gari linabeba watu wangapi? Mkiona hakuna matumaini kabisa mnaahirisha? Stendi za kamera na nguo za baridi zimo kwenye bei?

Basi kubwa ni nafuu, kama kroni elfu moja, ila ni watu hamsini na kila mmoja ana tochi. Basi dogo la watu wanane hadi kumi na watano ni ghali zaidi, kroni elfu moja na nusu hadi mbili au kupita, na kwa mpiga picha ndilo ninalopendekeza. Boti ni nzuri kwa mazungumzo na macho. Kwa picha hapana, sitaha inatikisika.

Hakuna mwongozaji mkweli anayeahidi aurora. Atakayekuhakikishia asilimia mia, mwache.

Hatua ya 4: Mavazi

Kwa ndani nguo za sufu, zinazobana mwili. Usivae pamba, ikishika jasho inakugandisha. Juu yake sweta nzito, kisha jaketi la kuzuia upepo au ile ovaroli nene wanayokupa. Buti ziwe kubwa kidogo ili vidole vicheze, kwa sababu soksi tatu ndani ya buti inayobana ni mbaya kuliko soksi moja. Glavu jozi mbili: nyembamba za kubonyezea kamera, na nene za kuvaa juu yake. Skibotn usiku wa Januari unaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na hapo mtasimama bila kutembea.

Hatua ya 5: Fanya mazoezi nyumbani, gizani

Zima taa za chumba. Vaa glavu. Sasa funga kamera kwenye stendi, weka kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), badilisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), badilisha muda wa shata (muda wa kamera kupokea mwanga), toa betri na uweke nyingine. Ukiweza kufanya yote hayo kwa kupapasa, uko tayari.

Mipangilio ya kuanzia ni hii: lenzi pana, milimita 14 hadi 24, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, f/2.8 au chini yake. ISO 1600. Sekunde 8. Mizani ya weupe (white balance) kwenye kelvini 3500 hadi 4000. Hifadhi kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera. Flashi izimwe. Kipima muda sekunde 2, ili kidole chako kisiitikise kamera. Kama lenzi ina kioo cha kinga mbele, kivue. Mwanga wa kijani ukipita humo huweza kuacha miduara katikati ya picha, na haitoki.

Halafu fokasi, ile iliyoniliza. Weka lenzi kwenye MF, yaani kufokasi kwa mkono. Washa kioo cha nyuma ya kamera, tafuta nyota angavu, ikuze mara kumi, zungusha pete polepole. Nyota itavimba, itasinyaa, itavimba tena. Rudi pale ilipokuwa ndogo kabisa. Piga, kuza, hakikisha. Kisha bandika kipande cha utepe wa gundi juu ya pete isisogee. Alama ya duara mbili (∞) kwenye lenzi usiiamini, mara nyingi fokasi ya kweli iko kabla yake kidogo. Zoezi hili lifanyie nyota za kwenu kabla ya kusafiri.

Hatua ya 6: Usiku wenyewe

Gari huondoka kama saa 12 jioni. Mwongozaji atakuwa anaangalia utabiri wa mawingu kwenye tovuti ya yr.no na namba za upepo wa jua. Kp, kipimo cha kutikisika kwa sumaku ya dunia, huanzia 0 hadi 9. Tromsø hata 1 au 2 inatosha. Namba ninayoiangalia zaidi ni Bz, mwelekeo wa sumaku ya upepo wa jua, kaskazini au kusini: ikienda hasi na kukaa hasi kwa muda, vaa glavu.

Mkifika, shuka, chagua mahali, simamisha stendi kwa miguu mifupi na uikandamize kwenye theluji hadi ikome kuzama. Tafuta kitu cha mbele: mti wa msindano, kibanda, maji ya fjordi, ile ghuba nyembamba kati ya milima. Anga tupu lenye kijani linachosha kwenye picha ya tatu.

Kisha mnasubiri. Usiku mmoja karibu na Skibotn tulisubiri saa mbili. Moto wa kuni ulikuwa umebaki makaa, pumzi yangu imeganda kwenye skafu hadi inakwaruza midomo. Utepe wa moshi ukaonekana juu ya mlima. Ukakaa. Ukanenepa. Halafu bila sauti yoyote ukapasuka katikati, mapazia yakashuka juu ya vichwa vyetu, ukingo wake wa waridi ukikimbia kama mtu anayepitisha kidole kwenye shanga. Theluji yote ikawa kijani, na nyuso za watu zikawa kijani. Dakika sita, kisha ikafifia.

Ikianza kukimbia hivyo, punguza muda hadi sekunde 1 au 2, ISO ikibidi uipandishe 3200. Ukibaki na sekunde 8 mapazia yote yatakuwa uji. Ikiwa dhaifu na imetulia, nenda 10 hadi 15. Punguza mwangaza wa kioo cha nyuma, kwa sababu gizani picha hafifu huonekana angavu. Tumia taa nyekundu tu, na usipite mbele ya kamera za wenzako. Na nakuomba, angalau dakika moja uachane na kamera uangalie juu.

Wasami, wenyeji wa kaskazini, huiita guovssahas, na wazee wao walikataza watoto kuipigia mluzi. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka bibi yangu, aliyetukataza mluzi usiku tusiite nyoka.

Hatua ya 7: Kurudi

Kabla ya kuingia kwenye gari lenye joto, toa kadi ya picha, kisha ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki, uukaze. Usiufungue hadi kamera ipate joto la chumbani, saa kadhaa. Ukiiingiza wazi, maji yatajitengeneza ndani ya lenzi. Betri za akiba ziwe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Baridi huzimaliza upesi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mwanza): Somo zuri sana mkuu. Mimi sina kamera, nina simu tu. Nije au nijipange kwanza?

Jibu: Njoo mkuu. Simu za miaka hii zenye hali ya usiku zinatoa picha nzuri. Sharti lake stendi ndogo yenye kishikio cha simu, kwa sababu ukiishika mkononi itakupa muda mfupi wa mwanga, na ukiiweka kwenye stendi itakupa mrefu zaidi. Futa lenzi, usikuze, zima flashi. Na beba betri ya nje, iweke ndani ya jaketi.

Swali (Muscat): Assalaam alaykum. Chakula wanachogawa kina shida kwa sisi Waislamu? Na sala usiku huo inakuwaje?

Jibu: Waalaykum salaam ndugu yangu. Mara nyingi ni supu ya moto na biskuti, na supu huweza kuwa ya nyama ya paa wa kaskazini (reindeer) au ya nyama nyingine. Waambie wakati wa kulipia, andika halali au mboga tupu. Wengi wana ya mboga. Mimi hubeba chapati zangu na chupa ya chai ya tangawizi. Kuhusu sala, nimeona watu wakiswali pembeni ya gari bila shida yoyote, ukimwomba mwongozaji dakika tano anakupa. Nyakati za sala katika majira ambayo jua halichomozi kabisa, waulize msikitini Tromsø, wao wana ratiba yao.

Swali (Mombasa): Mwanangu, mimi nina miaka 66 na magoti si mazuri. Binti yangu anataka kunileta. Nitaweza kweli?

Jibu: Shikamoo mama. Utaweza. Kutembea ni hatua chache kutoka garini. Hatari ni barafu ya kuteleza, kwa hiyo binti anunue vile vyuma vidogo vya kuvalisha chini ya viatu, Tromsø vinauzwa kila mahali. Chagueni basi dogo, na amwambie mwongozaji mapema ili ukae kiti cha karibu na mlango. Baridi ikizidi unarudi garini, ikitokea wanakuita. Choo ulizeni mapema, sehemu nyingine hakuna.

Swali (Nairobi): Niko na viza ya Schengen ya kuingia mara moja. Tukivuka kwenda Finland si itakuwa imeisha?

Jibu: Hapana. Norwei na Ufini zote zimo ndani ya Schengen, kwa hiyo hujatoka. Lakini pasipoti ibebe, usiiache hotelini. Mwongozaji anaweza kukuacha nyuma kama huna.

Swali (Bukavu, sasa niko Uswidi): Kaka, mwezi mpevu unaharibu? Tarehe zangu zimeangukia hapo.

Jibu: Usibadilishe tarehe. Mwezi hufifisha aurora dhaifu, ila unamulika milima na theluji, na picha inapata mbele yenye uhai. Shusha ISO hadi 800 uanzie hapo.

Swali (Iringa): Je, huku kwetu haiwezi kuonekana hata siku jua likichafuka sana?

Jibu: Sisi tuko karibu na ikweta, mbali na mikanda yote miwili, wa kaskazini na wa kusini. Ndiyo, kusini nako ipo, wanaiona Antaktika, na mara nyingine Tasmania na kusini ya Nyuzilandi. Lakini giza la Iringa vijijini ni bora kuliko la Tromsø mjini kwa kupiga nyota. Anza na hilo zoezi la fokasi usiku wa leo, kama hakuna mawingu, ulete picha hapa tuikuze pamoja.