Ndoo, ua na boya la shingoni: kumwogesha mtoto Ngaramtoni mwezi wa saba

Mwezi wa saba huku Ngaramtoni, Arusha, kuna siku jua halitoki kabisa, na wangu alizaliwa katikati ya baridi hiyo. Wifi yangu aliyeko Uholanzi akatutumia vyombo vya kuogeshea ambavyo baba mtoto alidhani ni vya jikoni.

Kilichochekwa zaidi ndicho kilichonifaa: ndoo ya plastiki inayoonyesha ndani, kitako kizito, mdomo laini. Mtoto hukaa humo amejikunja kama alivyokuwa tumboni, maji yamemfika mabegani. Mama mkwe alisimama mlangoni akauliza, "Mwanangu, mnamchovya kama andazi?" Lakini kwenye beseni pana maji hupoa upesi na kifua kinabaki nje. Humu hatetemeki.

Mchanga kabisa msimwogeshe haraka. Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri saa 24 tangu azaliwe. Sisi ndoo tuliianza kitovu kilipodondoka. Funga dirisha, tandika taulo, weka ndoo sakafuni, kamwe si mezani. Tangulia maji baridi, ndipo uongeze ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, ukoroge mpaka chini. Chovya kiwiko: kikisikia vuguvugu tu, basi. Kipimajoto kitakwambia nyuzi kama 37. Usijaze, maana mtoto akiingia maji hupanda. Mfute uso na matako kwanza, kisha mshushe kwa miguu, mkono mmoja chini ya kidevu, mwingine kisogoni. Dakika tano zinatosha, na simu ikilia, ilie.

Usiige kwa ndoo ya kawaida ya lita 20. Ni nyepesi, hupinduka, na ukingo wake hukwaruza. Kama huna ile nyingine, mwite bibi: akikaa kwenye kigoda akanyoosha miguu na kumlaza mtoto juu yake, hakuna kifaa kinachomfikia.

Ua la sponji la kutandika kwenye sinki ni zuri kwa picha. Petali zake hunywa maji, na kwa hali ya hewa ya hapa langu lilikaa kambani siku tatu. Ukungu wa nje ukahamia ndani ya sponji. Nikalitupa.

Boya la kumvisha mtoto shingoni, achana nalo hata ukipewa bure. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba linaweza kusababisha kifo au madhara makubwa, hasa kwa watoto wenye mahitaji maalumu. Likipungua upepo, kichwa kinateleza.

Kulikuwa na kofia ya kuzuia povu la shampuu lisiingie machoni pia. Mtoto mwenyewe kanyolewa kipara.

Alipoanza kukanyaga kitako cha ndoo ili asimame, tukarudi kwenye beseni. Sasa ndoo naloweka maharage.