Kabla Mtungi wa Gesi Haujaingia Jikoni

Kwanza elewa unachobeba. Ndani ya mtungi kuna kimiminika. Uinamishe kidogo utakisikia kikicheza. Ni gesi mbili za kupikia, propani na butani, zilizoshindiliwa mpaka chembe zake zikakaribiana na kushikana. Zikiachiwa hewani, zinatawanyika na kujaza nafasi kubwa takriban mara 250 kuliko ile ya mwanzo. Tahadhari zote zinazofuata zinatoka hapo.

Mpira uwe wa gesi, usio na nyufa, umebanwa kwa vibano pande zote mbili. Mpira wa maji haufai.

Mtungi usimame wima. Ukilazwa, regulata (kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza nguvu ya gesi) inapokea kimiminika badala ya mvuke, na tone moja likitoka linakuwa wingu. Moto wa jiko unaruka ghafla.

Kagua uvujaji kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Hakikisha pia hewa inapita chini, usawa wa sakafu. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, butani mara mbili, kwa hiyo dirisha la juu halikusaidii sana: gesi inatambaa, inajikusanya chini ya kabati, inaingia kwenye shimo la maji machafu. Ikifika asilimia 2 hivi ya hewa, cheche moja inatosha. Ukiinusa, funga vali, fungua milango, na usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima taa.

Sasa mzani, na hapa usiharakishe. Karibu na kishikio imeandikwa namba ya uzito wa mtungi mtupu. Kama ni kilo 7.5 na umenunua gesi ya kilo 6, mzani usome 13.5. Ukipungua, umepunjwa. Ukizidi, usifurahie nyongeza: urudishe mtungi huo palepale.

Mtungi hujazwa asilimia 80 hadi 85 tu kwa makusudi. Joto likipanda, chembe za kimiminika zinachezacheza kwa nguvu zaidi na kusukumana, na kimiminika chote kinatanuka. Kimiminika hiki hutanuka kwa joto kuliko maji, tena kwa mbali sana. Chukua mtungi uliojazwa kienyeji mpaka asilimia 97, asubuhi, kwa nyuzi 20. Mwenyewe anautia kwenye buti la gari, anapita sokoni, gari linabaki juani. Ukifika nyuzi 40, ile nafasi ya mvuke iliyobaki juu imekwisha. Mvuke ungekubali kubanwa, kwa sababu chembe zake ziko mbalimbali, kimiminika hakikubali. Kila nyuzi inayoongezeka sasa inausukuma ukuta wa chuma moja kwa moja. Vali ya usalama ikifanya kazi, inamwaga gesi ndani ya gari lililofungwa. Isipofanya kazi, chuma kinapasuka.

Ndiyo maana mtungi hauwekwi juani, hauwekwi jirani na jiko la mkaa, na hausafirishwi kwenye gari lililofungwa vioo.

Watu wa sehemu za baridi kama Makete, Njombe na Limuru wana shida ya upande wa pili. Butani huchemka kwenye nyuzi 0 hivi, propani kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Asubuhi ya baridi kali, mtungi wenye butani nyingi unatoa moto dhaifu ingawa mzani unasema gesi ipo. Ukipika maharage saa nzima kwa moto mkubwa, hali inazidi: chembe zenye kasi ndizo zinazochomoka na kuwa mvuke, zinaondoka na joto, na zinazobaki zinapoa. Mtungi unatoka jasho, wakati mwingine unashika barafu. Punguza moto, au tumia mtungi mkubwa zaidi. Usiumwagie maji yanayochemka wala kuusogeza kwenye makaa.

Kujua gesi iliyobaki, usitegemee geji. Geji hupima kanieneo, yaani nguvu ya mvuke kusukuma ndani ya mtungi, nayo hufuata joto na haishuki mpaka kimiminika kikaribie kwisha. Pima uzito, au mwagia maji ya uvuguvugu ubavuni kisha pitisha kiganja: panapoanza ubaridi ndipo kimiminika kilipofika.

Na mtungi "ulioisha" bado una mvuke ndani. Funga vali yake kabla ya kuurudisha dukani, usiulaze, na usimwachie mtoto auvingirishe njiani.