Somo: Kushusha 1HZ iliyokufa na kupandisha nyingine kwenye Hardtop ya zamani

Wakuu, leo nalipa deni la muda mrefu: somo la kubadilisha injini. Gari ninalolizungumzia ni Land Cruiser HZJ75, ile tunayoiita Hardtop, yenye injini ya 1HZ: silinda 6, ujazo wa sisi (cc) 4164, dizeli isiyo na turbo, iliyoanza kutoka mwaka 1990. Tunatoa 1HZ, tunaweka 1HZ. Wenye hamu ya kuweka kitu kingine wasubiri kwenye maswali.

Kabla ya kushika spana

Injini hii haifi hovyo. Ukiona imekufa, kuna kilichoiua, na mara nyingi muuaji bado yumo garini anasubiri injini mpya. Gari la kwanza nililofunga peke yangu lilirudi baada ya wiki tano, limechemsha tena. Injini ilikuwa nzima, niliipima mwenyewe. Rejeta ndiyo iliyokuwa imeziba nusu, nami nilikuwa nimeipitishia mpira wa maji tu nikaridhika. Hasara tuligawana na mwenye gari, na tangu siku hiyo sipokei kazi kabla sijajua ya kwanza ilikufaje.

Kama ilichemsha, rejeta ipelekwe ikafunguliwe vichwa na kusokolewa mirija, halafu angalia mfuniko wake, mipaipu, na ile klachi ya feni yenye mafuta mazito. Feni ikizunguka kama pangaboi ukiisukuma kwa kidole, klachi hiyo imekwisha. Kama ilinoki, yaani iligonga kwa ndani, fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) utazame beringi, na muulize dereva kwa upole oili ilimwagwa lini mara ya mwisho. Kama ilikula oili hadi ikakosa nguvu, fuata njia ya hewa kuanzia kwenye mkonga (bomba la nje la kuvuta hewa) hadi kwenye manifoldi. Magari ya mbugani na ya mashambani yanakufa hapa: mpira wa kiungo umepasuka upande wa chini usioonekana, vumbi linapita nje ya kichujio na kusaga ringi za pistoni. Pitisha kidole ndani ya bomba baada ya kichujio. Kikitoka na vumbi, umemkamata.

Kununua

Injini nyingi za mtumba huja kutoka Japani au kupitia Sharjah huko Falme za Kiarabu, zimefungwa kwenye paleti, na muuzaji huiwasha hapo hapo chini kwa betri na kidumu cha dizeli. Mwache aiwashe, ila wewe fika mapema kuliko mlivyoahidiana, uguse bloku kwa kiganja. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika ina jambo inaloficha.

Ikishanguruma, legeza mfuniko wa oili uuache umekaa tu juu ya tundu. Kucheza kidogo ni kawaida. Ukirushwa, au moshi ukitoka kama wa sufuria ya makande, injini inapumua na ringi zimechoka. Omba kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kupitia matundu ya hita plagi (zile plagi za kupasha moto kabla ya kuwasha). Mimi chini ya psi 400 siichukui, na silinda moja ikipishana na wenzake kwa zaidi ya 70 naaga. Chomoa dipstiki uangalie kama oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Rangi mpya ya kupuliza kwenye bloku isikupumbaze, wala isikutishe, wanapaka zote.

Uliza imetoka kwenye gari gani. Coaster pia zinatumia 1HZ, na za huko huja na sampu na mauntini (vishikizo vya injini kwenye chesisi) tofauti, kwa hiyo usiuze ya zamani kama chuma chakavu mpaka umehamisha vitu vyako. Uliza pia volti. Magari mengi ya 1HZ ya soko la Japani ni ya volti 24, ya kwetu mengi ni 12. Ikipishana, hamisha vinne kutoka injini ya zamani: stata, altaneta, hita plagi zote sita, na solenoidi ya kukata dizeli iliyo kwenye pampu. Ukisahau hita plagi za 12 kwenye gari la 24, zitaungua asubuhi ya kwanza.

Kushusha

Hapa sitakaa sana. Toa betri, mwaga maji na oili, toa boneti, grili, rejeta na feni. Piga picha kila plagi ya waya kabla ya kuichomoa. Kompresa ya AC ifungue mabolti yake uifunge pembeni kwa kamba bila kuachia gesi. Bolti za eksozi ziloweke mafuta usiku uliotangulia, vinginevyo utazikata. Giaboksi ibaki garini, juu ya jeki yenye kipande cha ubao. Ukishafungua bolti zote za kengele ya klachi (nyumba inayounga injini na giaboksi) na za mauntini, ivute injini mbele kwanza, ndipo uinyanyue. Ni zaidi ya robo tani, kwa hiyo cheni bloku ifungwe kwenye boriti ya chuma. Mwembe uache utoe kivuli.

Ikiwa chini

Hapa ndipo fundi mwenye haraka anapojulikana. Kila kitu kilicho nyuma ya injini mpya sasa unakifikia kwa mkono, na ukishaifunga hutakifikia tena bila kushusha upya. Badilisha sili ya nyuma ya krenki. Badilisha beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, beringi ya klachi na pleti. Gonga zile welchi plagi (vifuniko vya bati vya njia za maji) za nyuma ya bloku kwa bisibisi. Iliyooza hutoboka hapo hapo, na ni heri itoboke leo.

Mkanda wa taimingi badilisha hata ukionekana mpya, pamoja na rola yake. Kwenye 1HZ ni mfupi, unazungusha kemshafti, na injini ikiwa chini ni kazi ndogo kabisa. Ukikatika barabarani, valvu zinakutana na pistoni. Halafu andika kilomita kwenye karatasi, bandika chini ya boneti, maana taa ya T-BELT kwenye dashibodi, inayokumbusha kubadilisha mkanda, haijui kwamba umebadilisha injini.

Kupandisha na kuwasha

Pleti ya klachi ipangwe katikati kwa shafti kuukuu ya giaboksi, au mti uliochongwa vizuri. Injini na giaboksi visipokutana, usizivute kwa bolti. Utapasua kengele. Zungusha krenki kidogo kwa spana huku gia ikiwa imeingizwa, zitaingia zenyewe.

Jaza oili, karibu lita 10, uhakikishe kwa dipstiki. Chomoa waya wa solenoidi ya dizeli, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Rudisha waya, piga pampu ya mkono iliyo juu ya kichujio cha dizeli mpaka iwe ngumu, legeza nati za nozeli hewa itoke, kisha washa. Iache ingurume ukiangalia chini kama kuna kinachovuja. Waya za ethi kutoka injini hadi chesisi na bodi zisisahaulike. Nimeona stata ikivuta umeme kupitia kebo ya mafuta mpaka ikawa nyekundu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, fundi wangu anataka atoe themostati kabisa ili isichemshe.*
Mwambie arudishe. Injini itakaa baridi, itakula dizeli, na tatizo la rejeta litakuwa limefichwa tu. Weka mpya.

*Nimepata 1HD-T kwa bei nzuri. Inaingia?*
Inashika kengele ile ile, ndiyo. Lakini ina turbo na torki yake inapita ya 1HZ kwa mbali, kwa hiyo klachi, eksozi na njia ya hewa vyote vibadilike. Na usiifunge kabla hujafungua sampu na kuweka beringi mpya za koni rodi. Huo ndio ugonjwa wake unaojulikana.

*Basi nibaki na 1HZ nifunge turbo tu?*
Dizeli yake inaanza kuwaka kwenye vyumba vidogo ndani ya hedi, na joto likizidi, hedi hupasuka hapo hapo. Kama lazima, weka geji ya joto la eksozi na usiguse skrubu ya dizeli kwenye pampu. Mimi singefunga.

*Shikamoo fundi. Nimemaliza salama, ila asubuhi inatoa moshi mweupe na kutetemeka dakika mbili, kisha inatulia.*
Marahaba. Hita plagi. Pima moja moja kwa mita. Mara nyingi mbili au tatu zimekufa. Zikiwa nzima zote, angalia kama umeme unazifikia, kuanzia kwenye rilei.

*Trafiki akikuta nambari ya injini si ile ya kwenye kadi?*
Utalala kituoni na gari lako. Dai risiti na nyaraka za forodha kwa muuzaji kabla hujalipa, sugua nambari kwenye bloku uhakikishe zinafanana, kisha peleka TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) wabadilishe taarifa za gari. Fanya hivyo injini ikiwa bado chini. Ikishakaa garini, kuisoma nambari hiyo ni kazi ya tochi na kioo.