Somo: Kuchagua mashine ya boti ndogo ya mtumba

Wadau, kuanzia Mikindani hadi Kilwa swali ni lilelile: "Nimepata boti ya faiba bei poa, niweke mashine gani?" Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena namtumia hili.

1. Tafuta kibati cha mtengenezaji kwenye boti. HP (nguvu ya mashine) iliyoandikwa usiivuke.

2. Hakuna kibati? Boti nyepesi ya futi 14, mashine ya HP 15 inatosha. Ya futi 20 yenye wavuvi na kasha la barafu, fikiria HP 40.

3. Gonga ubao wa tezi, yaani ule wa nyuma unaobeba mashine, kwa mpini wa nyundo. Ukisikia mlio mzito usio na mwangwi, mbao ya ndani imeoza. Ghairi, au bei ishuke.

4. Pima ubao huo kabla hujalipia mashine. Hapa ndipo pesa za watu zinapozama. Weka futi katikati, kuanzia ukingo wa juu ambapo mashine inang'ata, shuka wima mpaka usawa wa chini ya boti. Usifuate mlalo wa ubao. Ikija kama inchi 15, unataka shafti fupi (shafti ni mguu wa mashine unaoshuka majini). Inchi 20, shafti ndefu. Kile kibapa kilicho juu ya propela kikae usawa wa chini ya boti au inchi moja chini yake. Shafti fupi kwenye ubao mrefu, propela inakula hewa: mashine inalia, boti haiendi, na maji ya kupoza yakikatika inaungua. Shafti ndefu kwenye ubao mfupi inaburuza na kunywa mafuta. NA MSIKATE UBAO ili mashine ishuke! Wimbi la kusi likija kwa nyuma linaingia lote.

5. Kaza vibano, piga bolti za kupenya ubao, kisha funga na mnyororo.

6. Tu-stroki ya kuchanganya oili na petroli: oili ya mashine za boti (TC-W3), petroli 50 kwa oili 1. Dumu la petroli la lita 20 ni oili mililita 400. Ya bodaboda iacheni kwa bodaboda.

MASWALI

— Mkuu, boti yangu niweke HP ngapi?
Futi ngapi? Unabeba nini? Namba 1 na 2 umeziruka.

— Fundi wangu anasema shafti ni shafti tu, unatutisha.
Basi aje naye baharini, akae tezi.

— Kaka, shikamoo. Ubao wangu ni inchi 17, umekaa katikati. Nifanyeje?
Marahaba, umepima vizuri. Chukua shafti ndefu, upandishe ubao inchi 3 kwa mbao ngumu. Kipande kisikae juu tu. Kiwe na vibao vinavyoshuka pande zote mbili, bolti zipenye, matundu yazibwe kwa gundi ya epoksi. Kisha ijaribu na mzigo kamili. Ikifika mwisho wa gesi bila kufikia mizunguko ya kitabu chake, badili, weka propela ya pichi ndogo (inayosogea kidogo kwa kila mzunguko).

— Mimi nipo Msangamkuu, mashine imeacha kukojoa (kurusha maji ya kupoza) lakini inakwenda.
Izime sasa hivi! Chokonoa kitundu cha kukojolea kwa waya laini. Bado? Ni impela ya pampu, kile kipangaboi kinachosukuma maji ya kupoza.

— Nyongeza: tukirudi huwa tunaiwasha kwenye pipa la maji baridi dakika kumi, chumvi itoke.
Sawa kabisa. Maji ya pipa yafunike matundu ya kuvutia maji, na gia iwe nyutro.