Kabla Hujapanda Kitanda cha Kupimwa Ukeni

Dada mmoja alivuka daraja la Nyali kutoka Kisauni kabla jua halijachomoza, ili awe wa kwanza maabara. Alikuwa akijiandaa kupandikizwa mimba, na daktari ametaka apimwe vajinosisi ya bakteria. Kwa kumstahi muuguzi, alikuwa amejiosha mpaka ndani kwa sabuni na kujifukiza udi. Ikabidi nimrudishe nyumbani bila kumpima. Iliniuma, kwani hakuna aliyemwambia kwamba kujiosha ndani huharibu kipimo.

Basi nakwambia wewe mapema. Ukeni wanaishi bakteria walinzi, laktobasili, wanaotoa asidi. Wakipungua, bakteria wengine kama gardnerella huzaana, na hiyo ndiyo vajinosisi ya bakteria. Si fangasi, kwa hivyo dawa ya fangasi haitasaidia, wala si ushahidi kwamba mume ametoka nje. Na usingojee harufu: wanawake nusu au zaidi walio nayo hawahisi chochote.

Pimwa kabla ya kuanza sindano za matibabu ya kupandikizwa mimba, ili pawe na nafasi ya kutibiwa. Hedhi iwe imekatika kabisa, maana damu hupunguza makali ya asidi na kutudanganya. Shahawa nazo ni hivyo hivyo, kwa hivyo siku mbili kabla ya kipimo kaeni mbali na tendo la ndoa. Siku hizo usiweke krimu wala dawa ukeni. Kama daktari amekuandikia projesteroni, homoni ya kuweka ukeni, usiiache kwa uamuzi wako; muulize kwanza. Maji ya kawaida, nje tu, yanatosha. Udi fukiza nguo. Na ukiwa umemeza antibiotiki karibuni, hata ya jino, tuambie.

Ukishalala kitandani, sampuli huchukuliwa kwa kijiti cha pamba kwenye ukuta wa uke. Ute wa mlango wa kizazi haufai, kwa kuwa asidi yake ni kidogo. Haichukui muda.

Kuna njia mbili za kusoma sampuli zinazotumika sana. Ya Amsel, ya mwaka 1983, hutazama mambo manne: ute mwepesi wa kijivu, pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) inayozidi 4.5, harufu ya samaki ute ukitiwa potasi, na seli zilizofunikwa na bakteria. Yakipatikana matatu, unayo. Seli hizo nazipenda kuzieleza: seli safi ni kama chapati, ukingo wake waonekana wazi. Ya mgonjwa ni kama mkate wa ufuta, punje zimejaa mpaka ukingo umepotea.

Ya Nugent, ya 1991, ndiyo ninayoiamini zaidi kwa mtu asiye na dalili. Tunapaka ute kwenye kioo, tunautia rangi, kisha tunahesabu: laktobasili ni vijiti vinene vya zambarau, wale wengine ni vidogo vyekundu. Alama 0 hadi 3 ni salama, 4 hadi 6 ni katikati, 7 hadi 10 ni ugonjwa. Usikubali karatasi iliyoandikwa "maambukizi" peke yake. Omba alama, umpelekee daktari wako.

Yule dada alirudi wiki iliyofuata, hajajiosha ndani. Alama zake zilikuwa 8, na hajawahi kunuka wala kuwashwa. Daktari alimwandikia antibiotiki ya metronidazo, asubuhi na jioni kwa siku saba, na tarehe ya kupandikiza ikasogezwa mbele.